Konfeti Isiyoacha Taka: Kuchagua na Kurusha Maua kwenye Harusi ya Tanga

Siku tatu baada ya harusi ya binti wa dada yangu kule Raskazone, nilirudi ufukweni kufuata viti vilivyosahauliwa, nikakuta mchanga unametameta. Hema lilikwisha ondolewa, masufuria yalikwisha rudi kwa wenyewe, na hata mashimo ya nguzo yalikuwa yamefukiwa. Kilichobaki ni vipande vya duara vya rangi ya dhahabu, vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ambavyo vilirushwa kwa muda usiozidi dakika moja wakati bibi harusi akipita. Maji ya bamvua yalikuwa yamevichukua vingine na kuvipanga upya kwenye mstari wa mwani. Nilianza kuviokota kwa mkono, nikajaza nusu kikombe, nikakata tamaa.

Tangu hapo nimekuwa nikikabidhiwa kazi ya maua katika harusi za ndugu na majirani, na jambo ambalo kamati za harusi huniuliza kwanza ni rangi. Mimi huwajibu kwa kuwauliza yatakapoangukia hayo maua na jina la mtu atakayefagia. Konfeti, yaani vile vipande au maua yanayorushiwa maharusi, haiwi rafiki wa mazingira kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti. Kipande kilekile cha karatasi ambacho hakina madhara kwenye sakafu ya ukumbi, ambako kitafagiwa usiku huohuo, ni taka kamili kikipeperushwa hadi kwenye mikoko.

Neno konfeti limetoka Italia, na Waitalia hata leo wakisema confetti wanamaanisha lozi zilizopakwa sukari ambazo wageni wa harusi hupewa. Vile vikaratasi vya rangi wao huviita coriandoli, kwa kuwa zamani watu wa kanivali walikuwa wakirushiana punje za giligilani zilizopakwa sukari kabla ya karatasi kushika nafasi hiyo. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kurusha maua badala ya vikaratasi ni kurudi nyuma, ilhali karatasi yenyewe ilikuja kama mbadala wa bei nafuu wa kitu kinacholiwa. Sisi wa pwani tulikuwa na asmini, mawaridi, rihani, mchele na mrashi wa marashi muda mrefu kabla pakiti ya kwanza ya dhahabu haijafika dukani.

Kuipima pakiti kabla ya kuinunua

Ukiwa umeamua kununua konfeti ya dukani, usiridhike na neno "inaoza", kwani karibu kila kitu huoza kikipewa muda wa kutosha. Mwombe muuzaji vipande vichache uvijaribu. Kwanza kikunje kipande kati ya vidole viwili na ukiachie: karatasi hubaki na mkunjo, lakini plastiki iliyopakwa madini hujinyoosha yenyewe kama vile haikuguswa. Kisha kirarue, uangalie ukingo wake. Karatasi huacha nyuzinyuzi zinazoonekana dhidi ya mwanga, na plastiki hunyumbuka au hukatika ukingo laini kama wembe. Nyumbani, viloweke vingine kwenye glasi ya maji usiku kucha. Karatasi laini ya tishu asubuhi itakuwa imelegea na itavunjika ukiikoroga kwa kijiko, na plastiki itakuwa inang'aa vilevile. Jaribio la moto ni la mwisho, nalo lifanyike nje kwa kipande kimoja kilichoshikwa kwa koleo: karatasi huwaka na kuacha majivu mepesi, plastiki huyeyuka, hujikunja na kuganda kama shanga nyeusi yenye harufu kali.

Kinachochanganya wengi ni karatasi inayong'aa. Ikiraruliwa huonyesha nyuzi kama karatasi nyingine, kwa hiyo hupita jaribio la kurarua, lakini juu yake kumegandishwa utando wa alumini, mara nyingi pamoja na plastiki, na utando huo hubaki baada ya karatasi kuoza. Kanuni yangu ni fupi: kinachong'aa kama kioo hakirushwi nje.

Zipo pia pakiti zinazosema kwamba konfeti yake imetengenezwa kwa mahindi. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yasikusaidie, kwa maana plastiki hiyo ya mahindi huoza vizuri katika mitambo maalumu ya mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi, lililodumishwa kwa wiki kadhaa. Mchanga wa Raskazone huwaka mchana, lakini haufiki huko na kukaa hapo, na maji ya bahari ndiyo kabisa. Vumbi la kumetameta, lile ambalo wasusi na wapambaji hulinyunyiza kwenye nywele na kwenye meza, ni plastiki iliyokatwa vipande vidogo mno na ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa hakuna ufagio unaoliokota. Umoja wa Ulaya ulizuia kuuzwa kwa vumbi hilo la plastiki lisilogandishwa kwenye kitu kuanzia Oktoba 2023. Hapa kwetu katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya kubebea, hivyo mtu asidhani kwamba kila kilichobaki dukani kimekwisha pimwa na kuruhusiwa kwa niaba yake.

Kwa harusi ya ufukweni nasisitiza zaidi. Kusini mwa Pangani, kwenye ufukwe wa Madete ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kasa hupanda kutaga mayai, na bahari inayowaleta ndiyo hiihii inayopita mbele ya Raskazone. Kitu kilichorushwa hapa hakina mpaka wa wilaya.

Maua yetu, moja baada ya jingine

Asmini ni ua la kwanza kutajwa na ni la kwanza kuharibika. Matumba yake huchumwa jioni kabla hayajafunguka, nayo hufunguka usiku na kutoa harufu yake yote; kesho yake saa nne asubuhi yatakuwa yamegeuka rangi ya chai. Kwa sababu hiyo asmini inafaa shughuli ya usiku, na haifai hata kidogo kuchumwa siku mbili kabla. Iweke kwenye jani la mgomba lililofungwa vizuri, mahali penye baridi, bila kuimwagia maji, kwani tone la maji huacha doa. Ukiinunua ikiwa imetungwa, ufungue uzi kabla ya kuigawa. Nimeona watu wakijisifu kwamba wametumia maua matupu, na chini ya maua hayo pamebaki mita kadhaa za uzi wa nailoni, ambao kwa ndege ni mtego mbaya kuliko vile vikaratasi vilivyokwepwa.

Waridi ndilo linalopendeza zaidi kwenye picha, na ndilo linaloharibu nguo zaidi. Petali mbichi ya waridi jekundu ikikanyagwa au ikibanwa kati ya mkono na gauni jeupe huacha alama ya zambarau ambayo haitoki kwa sabuni ya kawaida. Jaribio lake ni rahisi: zibane petali tatu ndani ya kitambaa cheupe chenye unyevu, ukae nazo mkononi dakika tano, kisha ukikunjue. Kama kitambaa kimepata rangi, chagua waridi jeupe, la pinki hafifu au la manjano, au uzikaushe zile nyekundu kwanza, kwa kuwa zilizokauka hutoa rangi kidogo mno. Mawaridi ya kununua mara nyingi hupuliziwa dawa za wadudu huko yanakolimwa, kwa hiyo petali zake zisitumike kupambia sinia la chakula baada ya kurushwa, kama nilivyowahi kuona ikifanywa na mtu aliyeona ni hasara kuziacha.

Ua ninalolipendekeza kuliko yote kwa Tanga ni bogenvilia, na sababu zake ni nyingi. Limeshuka kwenye kuta za nyumba nyingi za Raskazone na Chumbageni, mwenye nyumba hufurahi ukimpunguzia, na lina rangi kuanzia nyeupe hadi zambarau iliyoiva. Kile tunachokiita ua ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijirija cheupe kilicho katikati, nacho kiondolewe kwa sababu hunyauka na kunata. Majani hayo ni makavu kwa maumbile yake, ndiyo maana hushika rangi baada ya kukauka, hayatii doa kwa urahisi, na yakirushwa huelea na kuzunguka kabla ya kutua, jambo ambalo petali nzito ya waridi haiwezi. Lina miiba, kwa hiyo watoto wasitumwe kulichuma. Likatwe kwa mkasi, kisha majani yakwanyuliwe juu ya ungo.

Rihani iongezwe kwa ajili ya harufu, ukufi mmoja kwa kila ndoo na si zaidi, maana kwenye picha majani yake yakizidi huonekana kama takataka za bustani. Langilangi ina petali ndefu zinazopendeza mkononi, ila huanguka kama kamba; mimi huiacha ikae kwenye vikuba vya akina mama. Maua ya mkrismasi, ambayo mwezi wa Desemba hufunika barabara kwa wekundu, yanafaa kutandazwa njiani tu, kwani hunyauka upesi na yakikanyagwa huteleza.

Kwa asiyepata maua, majani yanatosha. Mkungu hugeuza majani yake kuwa mekundu na rangi ya shaba kabla ya kuyaangusha, na kwenye miji ya pwani haukosekani. Okota yaliyoanguka asubuhi hiyo, yapanguse mchanga, yalaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja, kisha uyakate yangali na ulaini kidogo, maana yakikauka kabisa huvunjika vipandevipande. Mashine ya ofisini ya kutoboa karatasi hutoa vipande vya milimita 6, ambavyo ni vidogo mno na hupotea hewani. Mkasi wa kawaida ukitoa vipande vya ukubwa wa sarafu huleta sura nzuri zaidi, hata visipolingana. Kazi hii ni ya kuzungumzia. Wape shangazi na wifi zao mkasi mmoja mmoja jioni ya kesha, na kabla kahawa haijaisha ndoo itakuwa imejaa.

Mchele nauacha, ingawa najua umetumika miaka mingi. Hadithi kwamba ndege wakila mchele mkavu hupasuka matumbo si ya kweli, kwa hiyo siuachi kwa sababu hiyo. Nauacha kwa sababu unateleza sana kwenye marumaru na saruji, na kwa sababu wazee wengi wa huku hawapendi kuona chakula kinakanyagwa, nao wana haki. Bisi zisizo na chumvi wala mafuta ni nyepesi na kuku huzimaliza, lakini huita kunguru, na kunguru wa Tanga hawahitaji mwaliko wa pili. Karatasi zenye mbegu ndani, zinazouzwa kama zawadi kwa dunia, zisitumike kabisa iwapo hujui ni mbegu za mmea gani, kwa kuwa milima ya Usambara iliyo juu yetu ina taabu ya kutosha na mimea ya kigeni iliyoletwa kwa nia njema.

Kukausha na kupima

Maua hukaushwa kivulini. Jua la moja kwa moja hukausha haraka lakini hula rangi, na bogenvilia ya zambarau iliyoanikwa juani siku mbili huwa kijivu cha kusikitisha. Tandaza mkeka au jamvi chumbani penye upepo, sambaza majani yasipandane, na uyageuze asubuhi na jioni. Wakati wa kiangazi siku tatu au nne hutosha. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ya pwani huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba unaweza kusubiri wiki nzima na bado ukapata kuvu, hivyo kwa harusi ya miezi hiyo ni afadhali kutumia maua mabichi yaliyochumwa siku yenyewe. Yaliyokauka sawasawa hutoa sauti ya karatasi ukiyachota. Yahifadhi kwenye kikapu cha ukili au mfuko wa khaki, kamwe si kwenye plastiki iliyofungwa, kwa sababu unyevu uliobaki hauna pa kutokea.

Kuhusu kiasi, watu hukosea kwa kuzidisha. Si kila mgeni anahitaji kurusha. Wanaosimama pande mbili za njia, tuseme 40 kati ya wageni 200, ndio wanaoonekana na ndio wanaotosha. Kila mmoja apewe ukufi mmoja. Kwa vipimo vyangu kopo la lita 1 hutoa kufi 10 hivi za mtu mzima, kwa hiyo watu 40 wanahitaji lita 4, na ndoo ya lita 10 inatosha watu 100. Kumbuka kwamba maua hupungua yakikauka. Chuma mara mbili ya kiasi unachokitaka, na kwa mawaridi zaidi ya hapo.

Chombo cha kugawia nacho kisiwe taka. Karatasi ya khaki iliyosokotwa kama ile ya muuza karanga inafaa kuliko gazeti, ambalo wino wake huhamia kwenye viganja na kutoka hapo kwenye gauni. Jani la mgomba lililobabuliwa motoni kidogo hulegea na kukubali kukunjwa. Lifungwe kwa uzi wa katani badala ya utepe wa plastiki. Itakuwa ajabu mji ulioishi kwa mkonge tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipouleta mwaka 1893 ukose uzi wa katani siku ya harusi. Hata hivyo njia rahisi kuliko zote ni wifi wawili wenye vikapu, wanaopita kumpa kila mtu ukufi wake mkononi dakika chache kabla ya maharusi kutoka, kwani wakipewa mapema watoto hurushiana na watu wazima husahau wakayatia mfukoni.

Wakati wa kurusha

Ruhusa iombwe wiki moja kabla, na iombwe kwa mtu anayehusika, si kwa mlinzi wa lango. Ndani ya msikiti hakurushwi kitu. Subirini hadi bwana harusi afike nyumbani, mlangoni pa bibi harusi. Makanisa mengi huruhusu nje tu, na wapo mapadre na wachungaji wasiokubali hata nje, nao wasibishiwe siku ya ndoa. Kumbi nyingine hutoza fedha za usafi, na mara nyingi meneja akielezwa kwamba ni maua matupu na kwamba mtafagia wenyewe hulegeza masharti. Ombeni hilo liandikwe kwenye makubaliano.

Upepo ndio unaoamua picha. Kwenye ufukwe wa Tanga upepo wa baharini huongezeka mchana, na katika miezi ya kusi unaweza kuchukua konfeti yote kabla haijamfikia anayerushiwa. Warushaji wakae upande ule ambako upepo unatokea, kwa mshazari kidogo nyuma ya maharusi, na maharusi waelekee mpiga picha. Mkono urushe kutoka chini kwenda juu, kiganja kikiwa wazi, ili maua yapande juu ya vichwa kisha yashuke. Anayerusha kwa kutupa mbele kama jiwe atampiga bibi harusi machoni. Mtu mmoja mwenye sauti ahesabu hadi tatu. Asipokuwepo mhesabuji, nusu ya watu hurusha mapema, nusu huchelewa, na picha hutoka na maharusi waliofumba macho chini ya petali nne.

Mizinga ya kufyatua konfeti kwa hewa iliyobanwa siipendi, kwa kuwa karibu yote hujazwa plastiki inayong'aa, na hata inayojazwa karatasi ni hatari kwa macho ikielekezwa usoni. Kuna hatari nyingine ambayo haitajwi sana: majani makavu na chetezo. Mama anayefukiza udi hupenda kusimama palepale mlangoni maharusi wanapopita, na jani la bogenvilia lililokauka likitua juu ya kaa huwaka papo hapo. Chetezo kitangulie au kifuate nyuma, umbali wa hatua kumi.

Sakafu ya marumaru itandikwe mashuka ya zamani au mikeka kwenye njia yote. Yanazuia kuteleza, hasa kwa wazee na kwa waliovaa visigino virefu, na shughuli ikiisha yanakunjwa pamoja na maua yake, kazi ya dakika tano badala ya saa nzima.

Juu ya mchanga na majani, maua huokotwa kwa ufagio wa chelewa usiku uleule, kabla ya umande kuyalowesha na kuyagandisha. Najua yataoza yenyewe. Hata hivyo ndoo nne za maua zikisukumwa kwenye mtaro huziba njia ya maji kama taka nyingine yoyote, na mvua ya kwanza itakapopandisha maji barazani jirani hatauliza kama yalikuwa ya asili. Yatenganishwe na nyuzi, pini, mipira na karatasi, kisha yafukiwe kwenye shimo la mboji au yamwagwe kwenye shina la mgomba. Kwenye harusi ya mwisho niliyoshughulikia, kule Ngamiani, mwenye nyumba alinikataza kuyabeba. Aliyazoa mwenyewe kwa pakacha, akayapeleka uani kwenye miche yake ya mpapai, na alilolalamikia ni kwamba rihani ilikuwa kidogo.